Unyevu wa Mpangaji

Jumapili, 5 Januari

Mpangaji amehamia leo. Kaka yetu mkubwa na dereva wa pikapu walilibeba sanduku lake la kioo wakihema, wakaliweka sebuleni mahali palipokuwa na kabati la vyombo. Vyombo vyangu sasa vinalala chini ya kitanda. Mdogo wangu mwenyewe alitangulia wiki jana kutoka hospitali, na nyoka wake amemfuata na virago vyake vyote: taa ya joto, gogo la kujinyooshea, beseni la maji, gunia la makumbi ya nazi ya kutandika, na kidude cha kupima unyevu kinachobandikwa kwenye kioo kwa ndani. Ni chatu, si mkubwa, unene wake kama mkono wangu hapa juu ya kiwiko. Kodi hatoi, ila joto anataka, chakula anataka, unyevu anataka. Nimemwita Mpangaji kwa sababu jina lake halisi nikilitamka ndani ya nyumba mwili unanisisimka.

Mdogo wangu ni fundi wa mafriji. Alikuwa. Sijui niandike vipi. Kiharusi kilimkuta kazini, kikampoozesha upande wa kulia na kumnyang'anya maneno yote, kikamwachia moja tu: basi. Ukimwuliza amelalaje, basi. Chai ina sukari? Basi. Daktari alisema akili iko palepale, anaelewa kila kitu, ni njia ya kutokea maneno ndiyo iliyoziba. Na huyu ni mtu aliyekuwa akianza kukueleza habari za gesi ya friji, mpaka uombe poo. Hakuoa. Alikuwa akisema nyoka anamtosha, maana hamwulizi alikuwa wapi.

Binti wa mazoezi, anayekuja Jumanne na Ijumaa kumnyoosha viungo, ameniomba niandike siku za mgonjwa zinavyokwenda. Nimemwambia nitajaribu. Naona nimeanza na nyoka.

Jumatatu, 6 Januari

Kazini, kwa dobi. Pasi moja ya mvuke imekufa, tunapokezana zilizobaki. Miguu imevimba.

Jumanne, 7 Januari

Leo nimejifunza kunyunyiza. Chupa nimeitoa kazini, aina ileile tunayolowanishia mashati kabla ya kuyapiga pasi. Mdogo wangu anakaa kwenye kiti chake mbele ya sanduku, mimi nafunua kifuniko kidogo na kuingiza mdomo wa chupa huku uso nimeugeuza ukutani. Nikaminya mara moja.

"Basi," akasema.

Nikaacha. Mimi ni nani nimfundishe kazi mwenye mali? Nilifunika haraka na kushukuru kwamba ni kazi ndogo. Yeye akapiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima, pa, pa. Nikajua ana njaa, nikamletea uji.

Hakuunywa.

Ijumaa, 10 Januari

Binti wa mazoezi amekuja. Ni binti mzuri, ana adabu, viatu anavivulia mlangoni bila kuambiwa. Alimnyanyua mdogo wangu mkono wa kulia, akaukunja, akaunyoosha. Mdogo wangu akasema basi. Binti akauteremsha taratibu.

"Mama, mgonjwa akisema basi mimi siwezi kumlazimisha," akaniambia. "Tumefundishwa hivyo."

Mazoezi yote yameisha kabla birika halijachemka.

Jumatano, 15 Januari

Panya wa Mpangaji wanakaa kwenye friza yangu, kwenye mfuko mweusi, chini ya mboga. Sina hamu na friza ile tena.

Jumapili, 19 Januari

Kaka mkubwa amekuja na matunda. Kaka si mtu mbaya, ila ni mtu wa kumaliza mambo. Akiona jambo limelala mahali, halali yeye. Alinitazama macho yangu yalivyoingia ndani, akalitazama sanduku, akavuta kiti karibu na mdogo wetu.

"Sikiliza, bwana mdogo. Dada yako anasimama kwenye pasi kutwa. Akirudi ni wewe, na baada yako ni huyu mdudu. Kuna mwalimu namfahamu, ana chumba cha wanyama shuleni kwake, atamtunza kuliko sisi. Tumpelekee?"

"Basi," akasema mdogo wangu.

"Umeona?" Kaka akanigeukia. "Mwenyewe karidhia. Nitaongea na mwalimu, mwanzoni mwa Machi tutakuwa tumemaliza."

Nasema ukweli, moyoni nilifurahi. Nilishaanza kupanga kabati la vyombo litarudi vipi pale. Mdogo wangu alipiga mkono wa kiti, akapiga tena, uso umemwiva. Kaka akasema ni ugonjwa, wagonjwa wa namna hii hasira zao ziko karibu, tusijali. Tukamenya matunda, tukala sisi wawili.

Ijumaa, 24 Januari

Kiangazi kimekaza. Midomo imenipasuka, nguo nikianika zinakauka kabla sijafika mlangoni. Kidude cha kwenye kioo kinasoma thelathini na mbili. Sijui kinatakiwa kusoma ngapi. Nilimwonyesha mwenye mali kwa kidole, akasema basi. Nikanyunyiza mara moja, akasema basi. Nikaacha. Mtu akikuambia basi mara mbili unataka nini zaidi?

Binti wa mazoezi alikuja, basi, akaenda.

Jumatano, 29 Januari

Nimerudi kazini nikakuta Mpangaji amejivua gamba, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba si sawa. Picha za mdogo wangu za zamani ninazo kwenye simu, anashika gamba la mwaka juzi, refu, zima, kama soksi ndefu iliyovuliwa na kugeuzwa ndani nje. Hili la leo ni vipande vipande. Kipande kwenye gogo, kipande ndani ya beseni, na kwingine gamba limemganda mwilini kama rangi ya ukuta inayobambuka. Macho ndiyo yaliyonitisha. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba kama kioo cha saa, na hilo nalo hutoka pamoja na mengine. Kwake halikutoka. Macho yote mawili yamebaki na utando, meupe, yamekunjamana.

Mdogo wangu alikuwa analia. Analia upande mmoja tu, upande wa kushoto, kwa sababu ule mwingine hautii amri. Nilimfuta uso na kumwambia pole, na sikujua nampa pole ya nini. Alikuwa ameketi pale tangu asubuhi akimtazama mnyama wake akijikwaruza kwenye gogo, chupa ya maji iko juu ya rafu asikoweza kufika.

Sikupika. Tulikula mkate.

Jumatatu, 3 Februari

Nimempigia simu daktari wa mifugo. Alicheka kwanza, akasema yeye amezoea ng'ombe na mbwa, akaomba nimpe muda aulize wenzake. Jioni akapiga tena, kwa upole. Kwa mnyama huyu kidude kisome sitini au kidogo zaidi, na akikaribia kujivua kisome zaidi ya hapo. Ule utando wa macho nisiuguse kwa kidole wala kwa kitu chochote. Utatoka na gamba lijalo kama hewa itakuwa na unyevu wa kutosha. Usipotoka, na mwingine ukagandia juu yake, anaweza kupofuka, na nyoka asiyeona huacha kula.

"Mmekuwa mnanyunyiza kiasi gani?" akaniuliza.

"Mpaka mwenyewe aseme basi," nikamjibu.

"Huyo mwenyewe anajua kazi yake?"

Nikasema anajua. Nilipokata simu nilibaki nimeishika. Anajua, sasa kwa nini ananiambia basi?

Na mengine: binti wa mazoezi amesema ataendelea mpaka mwisho wa mwezi huu. Mgonjwa akiwa hataki, nafasi yake atapewa mwingine, wanaosubiri ni wengi. Sikumlaumu. Lakini daktari wa hospitali alisema miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe, mkono na mguu visipofanyishwa kazi sasa vitabaki vilivyo. Nimekaa nikimtazama mdogo wangu na kujiuliza kama amejikatia tamaa, na huyo nyoka akifa ndiyo itakuwa mwisho wake kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimeelewa kitu, nimeelewea kwenye pasi.

Meza ya pili kazini yuko mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Leo alikuwa anasimulia ugomvi wa wapangaji wenzake, mimi nimeinamia suruali, kichwa kinaniuma. "Basi, yule mama akatoka na ndoo. Basi, mimi nikajitia hamnazo. Basi bwana, kumbe mumewe yuko dirishani anasikia yote!" Nikaomba kimoyomoyo: basi jamani, basi. Na hapo mkono ukanisimama, suruali ikaanza kutoa harufu ya kuungua.

Redio amesema basi tangu asubuhi na hajaacha hata mara moja. Basi yake haifungi mlango, inafungua. Ni kama kusema haya, twende, bado naendelea. Sisi nyumbani tumeichukua basi ya mdogo wangu na kuifanya ya aina moja tu, ya kukomesha. Yeye fundi, mtu wa kusimulia, mtu ambaye kila sentensi yake ilianza na basi: "Basi, sasa hebu chomoa hiyo waya." Tumemkatisha mwezi mzima.

Bosi alinisema kuhusu suruali. Nilimwitikia, sikumsikia.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilichukua chupa, nikafunua kifuniko, nikaminya mara moja.

"Basi," akasema.

Nikaminya tena. Akanitolea macho. "Basi," akasema, sauti imepanda kidogo mwishoni, kama mtu anayekupisha mlangoni. Nikaminya tena na tena. Basi. Basi. Basi. Kioo kikaingia ukungu, makumbi yakaanza kunukia, kidude kikapanda arobaini, hamsini, na mimi nimesahau kugeuza uso. Halafu akasema "Basi!", fupi, kavu, akapiga mkono wa kiti. Kidude kilikuwa kinasoma sitini na moja.

Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka nikalia. Yeye alicheka upande wa kushoto.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemweleza binti wa mazoezi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na ukimsikia vibaya, mama?" Nikamwambia mimi ni dada yake, nimemlea mgongoni. Akanyanyua mkono, basi, akaendelea, basi, akaendelea. Mdogo wangu alitoka jasho na alionekana kama mtu aliyerudishwa kazini.

Jumanne, 11 Februari

Amesimama. Ameshika meza, binti kamshika kiuno, lakini amesimama.

Kidude sitini na mbili. Mpangaji yuko ndani ya boksi la plastiki nililomwekea sandukuni, lenye taulo bichi, ametoa kichwa tu. Macho bado meupe.

Ijumaa, 14 Februari

Sitaki kuandika haya na nikiacha sitalala.

Nilivimba kichwa. Wiki nzima nimekuwa mkalimani. Dukani, kwa jirani, kwenye simu na kaka, kila mtu nilimwambia namwelewa, mimi ndiye ninayemwelewa. Leo binti alitaka amsimamishe na kumchukulisha hatua. Mdogo wangu alisimama, akasukuma mguu mmoja, akasema basi.

"Endelea," nikamwambia binti. "Hiyo si ya kuacha."

Akasukuma mwingine. "Basi," akasema. Binti akanitazama.

"Endelea tu."

Alisema tena. Sasa hivi ninapoandika naisikia vizuri kabisa, fupi na kavu, ileile ya siku kidude kilipofika sitini na moja. Mkono wake mzima ulikuwa na kazi ya kushika, hakuwa na mwingine wa kupigia kiti. Magoti yakamwisha, akaenda chini, binti akaenda naye, na nyusi ikagonga pembe ya sanduku. Damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda. Mpangaji alijikunyata ndani ya boksi lake.

Zahanati wamemshona. Binti hakunigombeza. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akasema tu, "Mama, ulisema unamsikia."

Kaka amekuja mbio. Hakugomba hata yeye. Alinishika bega na kusema Machi haiko mbali, mzigo mmoja utapungua. Ningependa angegomba.

Jumamosi, 15 Februari

Hasemi.

Jumanne, 18 Februari

Hasemi chochote, hata basi. Chai ninamwekea, anaigeuzia uso. Binti alikuja, akamnyoosha mkono kidogo kitandani, akaondoka mapema. Nanyunyiza peke yangu mpaka sitini na kufunika. Nilikuwa na mtu mwenye neno moja nikalalamika, sasa sina hata hilo. Nimechoka mpaka kwenye mifupa na kosa ni langu, na hakuna wa kunisaidia kulibeba.

Jumapili, 23 Februari

Nyuzi zimetolewa. Nimempaka mafuta kwenye kovu. Alifumba macho.

Upepo uleule. Mawingu yalipita mchana, hayakuwa na nia yoyote.

Jumatano, 26 Februari

Mpangaji amebadilika rangi, amekuwa kama aliyepakwa majivu, tumbo limeingia uwekundu kidogo. Daktari wa mifugo amesema kwenye simu ndiyo dalili, wiki moja hivi atajivua. Sasa ndiyo sasa. Utando ukibaki tena, macho ndiyo basi. Nimeandika neno lenyewe bila kukusudia.

Nilimweleza mdogo wangu yote, nimekaa chini mbele ya kiti chake ili anione mdomo. Nilimwambia: "Najua nilikuangusha. Safari ile ulisema na nikakupita. Sitasema tena nakuelewa. Nitakuuliza, na nisipojua nitakuuliza tena, hata tukikesha."

 Akanyoosha mkono wa kushoto, akasogeza kifuniko, akapitisha kidole kwenye kioo kwa ndani, akanionyesha. Kidole kilikuwa kikavu. Nikaleta chupa.

Jumamosi, 1 Machi

Kidude sabini. Nalowanisha taulo asubuhi kabla ya kazi na nikirudi. Tumeziba nusu ya matundu ya kifuniko kwa mkanda, yeye ananionyesha kwa kidole lipi na lipi. Si maji mengi yanayotakiwa, nimeona, ni maji yasiyotoroka. Fundi wa mafriji alilijua hilo tangu zamani.

Amesema basi moja leo, ndogo. Sikujua ya nini. Nikamwuliza ni ya kuendelea? Akatikisa kichwa. Ya kuacha? Akatikisa. Akanionyesha sahani. Alitaka chumvi.

Jumanne, 4 Machi

Kaka amepiga simu. Jumapili anakuja na mfuko wa kumbebea, mwalimu anasubiri. Nikasema sawa kaka. Sikuwa na nguvu ya kusema jingine.

Jumatano, 5 Machi

Niliomba ruhusa kazini, tumbo linaniuma, nikasema. Uongo. Asubuhi wakati wa chai nilimwona Mpangaji anasugua pua kwenye gogo, na gamba likaanza kufunguka mdomoni. Nikasema siendi popote.

Lilirudi nyuma vizuri, kidogo kidogo, mpaka likafika machoni. Hapo likakwama. Alisugua, akapumzika, akasugua, na ile ngozi iliyokwisha kufunguka ikaanza kukauka na kujikunja kama karatasi. Daktari wa mifugo alishanieleza cha kufanya likikwama: taulo la maji ya uvuguvugu, mnyama apite katikati yake mwenyewe kwa mwendo wake, taulo ndilo limvue. Usimvute. Mkono ushike bila kushika.

Ni kazi ya mikono miwili. Mdogo wangu ana mmoja, na mimi wangu haujawahi kumgusa yule mnyama tangu ahamie.

Nilifunua kifuniko chote. Niliogopa na sioni haya kuandika. Mdogo wangu akaingiza mkono wa kushoto, akamwinua kwa chini kama unavyobeba unga usimwagike, akamweka mapajani. Nikakunja taulo, nikaweka mkono wangu wa kulia juu, yeye wake chini, kichwa cha Mpangaji katikati.

"Basi," akasema, polepole, imepanda mwishoni.

Mpangaji akasukuma. Ana nguvu, sikujua. Nguvu yote ya mwili mzima inapita kwenye kiganja chako, na si baridi kama nilivyodhani, ni vuguvugu la taa. Basi. Akasukuma tena. Nilihisi kitu kinateleza chini ya taulo nikaogopa, vidole vikakaza bila kuviamuru.

"Basi!"

Nikalegeza papo hapo. Mdogo wangu akashusha pumzi, na mimi pia. Tulikaa hivyo bila kusogea mpaka mnyama akatulia, kisha ikaja tena ile nyingine, ya kunipisha mlangoni. Tulifanya kazi namna hiyo, jasho linamtiririka kwenye kovu la nyusi, mimi simwangalii usoni, nasikiliza tu. Kichwa kikatokea upande wa pili wa taulo. Cheusi, king'aavu. Macho mawili kama shanga mpya, yananitazama, na mimi nikayatazama.

Mwili uliobaki aliuvua mwenyewe akipita katikati ya mikono yetu, na gamba likabaki ndani ya taulo, refu, zima. Tuliliosha na kuliinua dirishani. Kwenye kichwa kulikuwa na vidirisha viwili vya mviringo, na kila kimoja kimekuwa kizito, cha matabaka mawili, la leo na lile la Januari. Mdogo wangu alivigusa kwa ncha ya kidole, kimoja, kingine.

Nilinawa mikono mara nne. Mazoea.

Ijumaa, 7 Machi

Nilidhani binti hatarudi, mwezi wake ulishaisha. Amekuja. Amesema alitaka kuona kovu. Nikamwonyesha gamba, akalishangaa. Akamnyanyua mdogo wangu mkono, mdogo wangu akasema basi, na binti akanigeukia mimi.

"Mwulize yeye," nikasema. "Yuko mbele yako."

Akamwuliza, tuendelee? Mdogo wangu akakinyanyua mwenyewe kile kiwiko cha kulia. Hakikwenda mbali, urefu wa kibiriti. Binti akatoa simu yake na kuandika Jumanne na Ijumaa, mpaka Juni.

Jumapili, 9 Machi

Kaka amekuja na mfuko wa kitambaa, safi, umefuliwa. Ni mtu wa kujiandaa. Alimsalimia mdogo wetu, akasifia kovu limekauka vizuri, akaketi.

"Basi tumalize hili," akasema. "Mwalimu yuko nyumbani leo."

Nikamwambia kaka, nadhani tumwache. Akashangaa. Akasema mbona tulikubaliana, mbona mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nalalamika vyombo viko chini ya kitanda. Nikasema alikubali nani. Akasema, "Mwenyewe, hapahapa, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu." Akamgeukia: "Bwana mdogo, si ulisema basi?"

"Basi," akasema mdogo wangu.

"Haya, umesikia."

"Hukumsikia," nikasema.

"Wewe ulimsikia? Ulimsikia siku ile alipoanguka?"

Alijuta kabla hajamaliza, niliona. Lakini lilishatoka, na lilipiga palepale. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi. Nilitaka kumwambia kwamba sijui mdogo wetu amesema nini, kwamba kujua kwangu kumekwisha, kwamba mimi ninachokijua ni kuuliza mara ya pili. Nilifungua mdomo nikalia. Si kwa heshima, si kwa machozi mawili matatu. Nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, kamasi na yote, nimesimama katikati ya sebule yangu na taulo bichi mkononi. Nililia pasi, nililia miguu, nililia vyombo chini ya kitanda na panya kwenye friza, na ile nyusi yenye kovu. Nilisema nimechoka. Nilisema jamani mimi nimechoka, na huyo nyoka haondoki. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Kaka alisimama, hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mdogo wangu ndiye aliyenivuta. Alinishika kiganja kwa ule mkono wake mzima, akanivuta mpaka nikapiga magoti kando ya kiti, akakiegemeza kichwa changu begani kwake.

"Basi," akasema. "Basi, basi. Basi."

Ile anayoambiwa mtoto aliyejikwaa, akipanguswa vumbi. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria, na kaka naye alisikia. Najua alisikia kwa sababu aliukunja ule mfuko mara mbili akautia mfukoni, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji ambayo hakumpa mtu yeyote. Akaiweka mezani. Akalitazama sanduku.

"Hii chupa ndiyo ya kunyunyizia?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akafunua kifuniko kwa ncha za vidole, uso kaugeuzia ukutani, akaminya mara moja.

"Basi," akasema mdogo wangu.

Kaka akaacha, akafunika.

Tukamcheka, mimi kwa pua iliyoziba na mdogo wangu kwa upande wa kushoto, mpaka kaka naye akaanza kucheka asijue anacheka nini. Nikajifuta uso kwa taulo la nyoka, nikamwambia aendelee.